Hati Inayovuka Ziwa: namna ya kuthibitisha maandishi ya mtu aliye mbali

Maneno yaliyotolewa mbele ya wakuu wa vijiji na kamati za upatanishi, teritwari ya Fizi, Kivu ya Kusini



Nawashukuru kwa kuacha kazi za shamba na za uvuvi ili tukae pamoja asubuhi hii. Mliniomba niseme juu ya jambo linalowasumbua kila mara mnaposikiliza ugomvi wa ardhi. Wenye ugomvi wanakaa, mnaanza kuwasikiliza, kisha mmoja anaingiza mkono mfukoni na kutoa karatasi. Anasema: "Hii imetoka kambini. Baba mkubwa ameniandikia. Tazameni, ina muhuri." Mnaitazama. Ina muhuri kweli. Lakini baba mkubwa hayupo pale, na aliyepiga muhuri hamumjui. Mnaniuliza: tuiamini au tuikatae?

Jibu langu kwa ufupi ni hili: msiiamini haraka, na msiikatae haraka. Isomeni. Muhuri unathibitisha mkono wa mtu, hauthibitishi ukweli wa kila neno lililoandikwa juu ya mkono ule. Tukielewa tofauti hiyo, ugomvi mwingi utakwisha kabla ya kufika kwenye mapanga.

1. Kwa nini jambo hili ni jambo la amani

Historia yetu mnaijua kuliko mimi. Tangu vita ya 1996, watu wengi wa Fizi na Uvira walivuka ziwa Tanganyika. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka ule kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2005 HCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wengi walirudi, wengi walibaki. Watoto waliozaliwa kule sasa ni baba na mama wa watoto. Wengine wamepelekwa mbali zaidi, Marekani, Kanada, Australia.

Tena si wakimbizi wa ng'ambo tu. Mji wa Goma ulipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu wengi walijikuta upande mmoja na hati zao upande mwingine. Jambo hili si la Fizi peke yake, wala si la zamani.

Watu walivuka, mashamba yalibaki. Shamba linahitaji mtu wa kulilima, kulipia kodi, kulitetea mbele ya jirani anayesogeza mpaka. Kwa hiyo mwenye shamba aliye mbali lazima amtume mtu. Kumtuma huko kwa maandishi ndiko tunakoita hati ya uwakilishi, au kama tulivyozoea kusema, prokirasio.

Niwape mfano mmoja. Sitataja kijiji wala ukoo, maana watu wale wanaishi pamoja hata leo, na hilo ndilo tunalolitaka. Mzee mmoja aliye kambini alimtumia mtoto wa dada yake karatasi yenye muhuri. Iliandikwa: "Nampa mjomba wangu mamlaka ya kusimamia shamba langu lote." Kijana akalima miaka miwili. Mwaka wa tatu akapata shida, akaliuza kwa mtu wa kijiji cha jirani. Mnunuzi alilipa pesa za kweli, akapanda mihogo, akajenga nyumba ya majani. Kisha mtoto wa mzee akarudi kutoka Nyarugusu na mke na watoto wanne, akakuta mtu mwingine shambani. Kila mmoja alijiona ana haki. Kila mmoja alikuwa na ndugu zake nyuma yake, na ndugu wale walikuwa wa makabila mawili. Kufikia wiki ya pili ilikuwa si habari ya shamba tena, ilikuwa habari ya "watu wale" na "sisi".

Kilichosaidia si hotuba juu ya kupendana. Kamati iliomba karatasi, ikaisoma kwa sauti mbele ya wote, neno kwa neno. Iliandikwa "kusimamia". Haikuandikwa "kuuza". Mnunuzi mwenyewe aliposikia akanyamaza, kisha akamgeukia kijana na kusema, "Basi wewe ndiye mwenye deni langu." Tangu hapo ugomvi ukarudi mahali pake: kati ya mnunuzi na yule aliyemuuzia kitu kisicho chake. Ulichukua miezi kumalizika, deni likalipwa kidogo kidogo, mbuzi na pesa, lakini makabila mawili yaliondolewa ndani yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: hata mali yenye daftari hupotea, kama daftari halisomwi.

2. Muhuri unasema nini, na hausemi nini

Katika nchi yetu, kazi ya notere iliwekwa na amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 9 Juni 1966 juu ya hati za notere. Notere anafanya nini? Mtu anakuja mbele yake na kitambulisho chake. Notere anahakikisha kwamba ni yeye. Anamsomea hati, au anamwacha aisome. Anamuuliza kama ameielewa na kama anaitaka. Mtu anatia mkono, mashahidi wanatia mkono, notere anatia mkono wake na muhuri, na hati inaandikwa katika daftari la ofisi kwa namba na tarehe.

Kwa hiyo muhuri ule unajibu maswali matatu tu. Nani alitia mkono? Alitia mkono mbele ya nani? Lini? Hausemi kwamba shamba ni la mtu yule. Hausemi kwamba ndugu zake wamekubali. Hausemi kwamba mpaka uko kwenye mti ule mkubwa na siyo kwenye kijito. Mambo hayo yanathibitishwa na hati za ardhi, na jirani, na wazee, na mkuu wa kijiji. Mtu anayepiga kelele "nina muhuri" amejibu maswali matatu, bado mengine yanamngoja.

Sasa ndani ya hati yenyewe. Sheria yetu ya mikataba ni ya zamani sana, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, lakini juu ya uwakilishi inasema mambo ya busara ambayo kila kamati inapaswa kuyajua.

Kwanza, uwakilishi uliotolewa kwa maneno ya jumla unahusu kazi za usimamizi tu: kulima, kukodisha, kulipa kodi, kukusanya mavuno. Kuuza, au kuweka shamba rehani, kunahitaji kuandikwa waziwazi. Hivyo anayekuja na karatasi inayosema "mamlaka yote juu ya mali yangu" hajapewa ruhusa ya kuuza, hata kama muhuri ni mkubwa kama sahani.

Pili, mwakilishi hawezi kuvuka mpaka wa aliyotumwa. Akitumwa kudai shamba moja, hawezi kudai mawili.

Tatu, mwenye kutoa uwakilishi anaweza kuuondoa wakati wowote anapotaka. Na akifa, uwakilishi unakwisha. Jambo hili linasahauliwa sana. Mzee anafariki kambini, habari zinachelewa, na huku nyumbani mpwa bado anaendelea kutembea na karatasi ya mtu aliyezikwa. Baada ya kifo, wenye neno ni warithi.

Mtaniuliza: kwa nini kuhangaika na maneno hivyo, kama wenyeji wote wanajua shamba ni la nani? Ni kwa sababu ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Sheria ile ilisema ardhi ni mali ya serikali, na kwamba haki ya mtu juu ya kiwanja alichopewa na serikali inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa. Iliongeza kwamba cheti kikikaa miaka miwili, aliyenyang'anywa hawezi tena kukiangusha. Anabaki na haki ya kudai malipo ya hasara tu. Fikirini maana yake kwa mtu aliye mbali. Mwakilishi mwenye hati ya maneno mapana anakwenda kwenye ofisi ya hati za ardhi, anapata cheti kwa jina lake au anamuuzia mwingine anayekipata. Mwenye shamba yuko kambini, hana habari. Miaka miwili si mingi. Wengine wetu wamekaa ng'ambo zaidi ya ishirini.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uko katika maneno ya hati, siku inapoandikwa.

3. Mtu aliye mbali apitie wapi

Hapa watu wanachanganyikiwa, maana njia si moja. Inategemea mtu yuko wapi na yuko pale kama nani.

Aliyehama ndani ya nchi. Huyu ana njia nyepesi zaidi. Hahitaji kurudi kijijini. Mtu wa Masisi aliyekimbilia Kisangani anaweza kutia mkono mbele ya notere wa Kisangani, kisha hati ikasafiri. Shida yake kubwa mara nyingi ni kitambulisho. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi imetumika kwetu kama kitambulisho, imeungua pamoja na nyumba. Basi aanze pale: aende na mashahidi wawili wanaomfahamu, atafute kwanza hati ya kupotelewa, halafu ndipo aende kwa notere.

Mkimbizi aliye katika nchi nyingine. Hapa ndipo watu wetu wa Nyarugusu walipo. Wengi wanaogopa kitu kimoja, na wana sababu: "Nikienda ubalozi wa Kongo kutafuta karatasi, hawatasema nimerudi chini ya ulinzi wa serikali yangu na kuninyang'anya ukimbizi?" Mapatano ya Geneva ya 1951 juu ya wakimbizi yanasema kweli kwamba anayejirudisha mwenyewe, kwa hiari yake, chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kuacha kuhesabiwa mkimbizi. Lakini kitabu cha mwongozo cha HCR cha mwaka 1979 kilieleza kwamba kuomba hati kama ya kuzaliwa au ya ndoa, ambayo hata asiye raia angeiomba kwa serikali ile ile, hakuhesabiwi kuwa ni kujirudisha hivyo. Pasipoti ni habari nyingine, nayo isichukuliwe kwa wepesi. Kila mkimbizi amuulize kwanza ofisa wa ulinzi wa HCR kabla ya kwenda.

Tena kuna neno jema ambalo wengi hawalijui. Ni kifungu cha 25 cha mapatano yale yale. Kinasema kwamba pale ambapo mkimbizi angehitaji msaada wa wakuu wa nchi aliyoikimbia ili kupata haki yake, na hawezi kuwaendea, nchi inayomkaribisha ipange msaada ule utolewe na wakuu wake yenyewe au na chombo cha kimataifa. Na hati zinazotolewa hivyo zichukuliwe kuwa za kweli mpaka mtu athibitishe kwamba si za kweli. Kwa maneno mengine, mkimbizi hakuachwa bila notere. Notere wake ni nchi iliyompokea.

Nchini Tanzania kazi hii inafanywa na mthibitishaji wa hati na kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili. Mkimbizi anaweza kuapa na kutia mkono mbele yake. Shida ni umbali na ruhusa: sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inataka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, na kutoka kambini kunataka kibali. Kwa hiyo ndugu zenu walio kule waulize kwanza kwenye ofisi za msaada wa kisheria kambini ni lini wakili anafika, badala ya kumpa pesa mtu wa njiani anayesema ana rafiki mwenye muhuri. Muhuri wa namna ile tumeuona. Unavuka ziwa kwa urahisi, unakufa mbele ya hakimu.

Anayeishi ng'ambo ya mbali. Nchi nyingine sasa zimekubali kwamba mtu atie mkono mbele ya notere kwa njia ya kompyuta, wanaonana kwa picha bila kukaa chumba kimoja. Jimbo la Virginia, Marekani, liliruhusu hivyo tangu 2012, na majimbo mengi yakafuata. Ufaransa iliruhusu kwa muda wakati wa ugonjwa wa Korona, Aprili 2020, kisha Novemba mwaka ule ule ikaweka njia ya kudumu kwa hati za uwakilishi. Ndugu aliye kule anaweza kufurahi kwamba amemaliza kazi akiwa jikoni kwake. Hajamaliza. Hati ile ni nzuri katika nchi ile. Ili ipokelewe katika nchi nyingine, pale ambapo hakuna makubaliano ya kufupisha njia, inapitia ngazi: wakuu wa jimbo au wa wizara kule wanathibitisha muhuri wa notere, kisha ubalozi wa Kongo unathibitisha muhuri wa wizara. Ndiyo maana shauri letu ni hili: kabla ya ndugu wa ng'ambo kulipa notere wa kompyuta, mtu wa huku aende kwanza kwenye ofisi itakayopokea hati, aulize wanataka nini, apate jibu, alitume. Safari ianze mwisho, siyo mwanzo.

4. Na simu je?

Vijana wanasema: "Lakini siku hizi kuna simu. Baba amepiga picha ya karatasi, ameituma kwa WhatsApp, nimeichapisha hapa Baraka. Si ni sawa?"

Kongo ina sheria mpya juu ya mambo haya, kanuni ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Inakubali maandishi na saini za kielektroniki, lakini kwa masharti: mwenye saini aweze kutambulikana kwa hakika, na maandishi yahifadhiwe kwa namna ambayo hayawezi kubadilishwa bila kujulikana. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haina hata moja kati ya hayo mawili. Neno "kusimamia" linafutwa, "kuuza" linaandikwa, na picha inapigwa tena. Haikuwa saini ya kielektroniki, ni kivuli cha karatasi.

Hata hivyo msiitupe simu. Inafaa kwa kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kusahihisha kabla ya kutia mkono. Rasimu inatumwa, wazee wa huku wanasoma majina ya mipaka, wanasema "hapana, mpaka wa magharibi ni shamba la mama fulani", inarekebishwa. Karatasi ya kweli inapotiwa mkono, inatoka safi.

Kazi ya pili ni kumwona mtu. Mkiwa na mashaka, ombeni kuongea na mwenye shamba kwa simu ya picha, mbele ya pande zote mbili. Mzee anayemjua tangu utoto amuulize kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukijua. Mtazame pia kama amekaa na mtu pembeni anayemnong'oneza. Jambo hili halina nguvu mbele ya tribunali kama hati ya notere, lakini lina nguvu kubwa mbele ya kijiji, na kijiji ndicho kitakachoishi na matokeo.

Kazi ya tatu ni kuhifadhi. Pigeni picha hati zote mlizo nazo leo, pande zote mbili, na kuwatumia watu wawili walio mahali tofauti. Karatasi ikiungua, picha haiwi hati, lakini inaonyesha namba ya daftari na tarehe, na kwa namba ile nakala inaweza kutafutwa ofisini.

5. Maswali saba ya kamati

Wandugu, nimeyaandika maswali haya kwa kalamu kwenye karatasi kubwa pale ukutani, ili mtakaporudi kwenu muwe nayo. Karatasi kutoka mbali ikifika mbele yenu, ulizeni kwa utaratibu huu.

Swali la kwanza: hii ni hati yenyewe au ni nakala? Kama ni nakala, hati yenyewe iko wapi na inafika lini?

La pili: jina lililoandikwa ni la mtu tunayemfahamu? Angalieni sana hapa. Kambini mtu aliandikishwa kwa jina moja, hapa kijijini anajulikana kwa lingine, kwenye cheti cha ubatizo kuna la tatu. Hiyo si lazima iwe uongo. Lakini hati nzuri inataja majina yote, jina la baba na la mama, na kijiji alikozaliwa.

La tatu: ilitiwa mkono mbele ya nani, tarehe gani, na namba gani ya daftari? Ofisi ile inaweza kuulizwa?

La nne: inaruhusu kufanya nini hasa? Kulima, kukodisha, kudai, kuuza? Isomwe kwa sauti.

La tano: inahusu shamba gani? Mipaka minne imetajwa, au imeandikwa tu "shamba la Fizi"?

La sita: mwenye kutoa hati aliielewa? Hati nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa kwa sababu ni lugha ya ofisi zetu. Zile za Tanzania zinakuja kwa Kiswahili au Kiingereza, na zitahitaji kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapa. Shauri letu ni hati iwe na lugha mbili, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili. Asiyejua kusoma asomewe, aweke kidole gumba, na mashahidi waandike kwamba alisomewa.

La saba: mwenye hati bado yuko hai, na bado anataka? Simu moja inatosha.

Hati ikipita maswali saba, muiheshimu. Ikikwama kwenye moja, msiseme "ni ya uongo". Semeni, "irudi ikakamilishwe". Neno "uongo" linaita hasira. Neno "ikakamilishwe" linaacha mlango wazi. Na mpaka irudi, shamba lisiuzwe, lisigawanywe, mihogo ya mtu isikatwe.

Tena kumbukeni: kamati si notere na si tribunali. Hatupigi muhuri juu ya umiliki. Kazi yetu ni kuandika kilichosemwa, nani alikuwepo, tarehe gani, na kila upande ubaki na nakala.

6. Wanyonge wawili

Kabla ya kumaliza, nawaomba mwangalie watu wawili.

Wa kwanza ni mwanamke. Kanuni ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume ili afanye mambo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti lile. Kwa hiyo mama aliye kambini anaweza kutoa hati ya uwakilishi kwa mkono wake, na mjane anaweza kudai haki yake bila kungoja shemeji amsemee. Karatasi ya mama isichekwe kwa sababu haina mkono wa mwanamume.

Wa pili ni yule aliyetia mkono kwa hofu. Wakati wa vita mtu anauza shamba la hekta nzima kwa bei ya nauli. Kanuni za Pinheiro za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2005, zinazitaka serikali zisitambue uhamisho wa mali uliofanywa kwa kulazimishwa. Na nchi zetu za Maziwa Makuu, katika mapatano ya Nairobi ya Desemba 2006, ziliweka itifaki nzima juu ya haki za mali za watu wanaorudi, pamoja na ulinzi wa pekee kwa wanawake na watoto. Kwa hiyo hata hati yenye mkono, muhuri na mashahidi inaweza kuulizwa: siku ile, nje ya mlango, kulikuwa na bunduki?

Wandugu, mtu aliye mbali hana sauti hapa isipokuwa karatasi yake. Na jirani aliyebaki, aliyelinda njia, aliyezika wafu wetu, hana ulinzi dhidi ya karatasi ya hila isipokuwa macho yenu. Mkiisoma vizuri mnawatendea haki wote wawili. Andikieni wenu walio ng'ambo wiki hii. Waambieni wasitume neno pana, watume neno kamili: shamba lipi, kazi ipi, kwa muda gani. Waambieni waulize kabla ya kulipa, na wadai risiti.

Sasa nitakaa chini. Najua mama aliye kule nyuma amekuja na bahasha yake mkononi. Na tuanze na hiyo, tuisome pamoja, kama anakubali.

 Amani iwe nasi.